Albamu ya pili ya Led Zeppelin haitaki spika moja

Wengi wanaoiponda Led Zeppelin II, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza, hapa Dodoma wameisikia kwenye bajaji, au kwenye kile kispika cha blututhi kinachoning'inia dirishani mwa geto kule Ng'ong'ona. Kwa kuisikia hivyo, wana haki ya kusema ni kelele. Wimbo wa kwanza, "Whole Lotta Love", una kipande cha katikati ambapo gitaa linakaa kimya, zinabaki ngoma, mihemo ya mwimbaji Robert Plant na mlio wa teremini, chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa, unaokimbia kutoka sikio la kushoto hadi la kulia na kurudi. Kwenye spika moja, kushoto na kulia vimejumlishwa pamoja, kwa hiyo mlio hauna pa kukimbilia. Unabaki na zaidi ya dakika nzima ya fujo, unashangaa wazee walioipenda walikuwa wanasifia nini.

Basi kabla ya kuhukumu, panga sabufa yako upya. Zile spika mbili ndogo watu huzibebanisha juu ya kabati, au moja inabaki sebuleni na ya pili inapelekwa barazani ili jirani naye afaidi. Zitenganishe kama mita 2, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, nawe ukae katikati mbele yake kwa umbali uleule. Kitufe cha besi kirudishe chini ya nusu. Chumba cha tofali za bloku kisicho na dari kinarudisha sauti kama simtanki tupu, hivyo shusha pazia zito na uegemeze godoro ukutani nyuma yako. Anayetumia hedifoni aangalie pini imezama mpaka mwisho. Pini ikigusa nusunusu, kinachopita ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia, na kwa kuwa Plant amewekwa katikati, yeye ndiye anayepotea huku vyombo vikisikika kwa mbali. Pini ikiwa sawa na sauti bado haihami, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uzime sauti ya mono.

Hiyo kazi ya kukimbiza sauti ilifanywa na mpiga gitaa Jimmy Page na fundi sauti Eddie Kramer, walioichanganya albamu nzima New York kwa siku mbili tu, kwenye meza ya kuchanganyia sauti ya kizamani. Haraka ilikuwepo. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 1969, na hii ikatoka tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo, imerekodiwa vipande vipande kati ya onyesho na onyesho: London, Los Angeles, New York. Harmonika nyingine zilirekodiwa Vancouver.

Viraka vinasikika. Kwenye "Heartbreaker", bendi nzima inanyamaza ghafla, Page anabaki peke yake na gitaa, na hewa ya chumba inabadilika papo hapo, kwa sababu kipande hicho kilirekodiwa studio nyingine na kuchomekwa baadaye. Wapo wanaokerwa. Kwangu ni kiraka cha kitambaa tofauti kwenye suruali iliyokaa vizuri, na bila hicho wimbo ungepoa. Halafu karibu na mwisho wa "Whole Lotta Love" utamsikia Plant kwa mbali, akiimba maneno sekunde chache kabla hajayaimba. Usimrudie kijana aliyekujazia flashi ukamlaumu. Uimbaji wa awali ulivuja kwenye utepe, wakashindwa kuufuta, wakaamua kuuongezea mwangwi uonekane umekusudiwa. Kosa la kijana wa flashi ni jingine: akikupa faili la kilobiti 128 kwa sekunde, matoazi ya mpiga ngoma John Bonham yatasikika kama maji yanayokaangwa. Mwombe la 320.

Besi ilileta matatizo tangu mwanzo. Santuri za kwanza kabisa zilikatwa na fundi Robert Ludwig kwa nguvu kubwa, na kwenye mashine za santuri za bei rahisi sindano ikawa inaruka mifereji. Kampuni ikaagiza ikatwe upya, sauti ikiwa imepunguzwa makali. Leo wakusanyaji wanazitafuta zile zenye herufi RL karibu na kibandiko cha katikati. Sabufa haina sindano ya kuruka, ila ukiijaza besi unapata hasara ya aina nyingine: "The Lemon Song" inageuka mvumo mmoja mrefu. Pale John Paul Jones anatembea juu ya gitaa la besi kama mtu anayepiga soga, harudii sentensi, na kwangu yeye ndiye mwenye wimbo. Mashairi na umbo lake kwa kiasi kikubwa ni ya mwanabluzi wa Marekani Howlin' Wolf, kama vile mwanzo na mwisho wa "Bring It On Home" ulivyo wa mwenzake Willie Dixon. Majina yao hayakuandikwa mwanzoni, ikabidi madai yamalizwe kwa makubaliano. Hilo doa sitalisafisha.

"Living Loving Maid" ni wa kujazia, uruke. "Ramble On" usiuruke.

Anayetoka kwenye muziki wa Wagogo aanzie "Moby Dick". Katikati Bonham anaweka fimbo pembeni na kupiga kwa viganja, na hapo ndipo ngozi inapoanza kusema. Mwenye masikio yaliyozoea akina mama wa muheme, ngoma imebanwa mapajani na kiganja kikitoa mlio mmoja katikati na mwingine ukingoni, atajua mara moja anasikiliza nini. Ila atalalamika pia, na nitamuunga mkono: muheme unaitikiana, ngoma hujibu ngoma. Bonham anajijibu mwenyewe, na kabla dakika nne na nusu hazijatimia anaanza kuonekana mpweke.

Jambo la mwisho ni "Thank You", wimbo wa nne. Kinanda cha Jones kinafifia mpaka kimya, na hapo ndipo wengi hugusa simu kurukia wimbo unaofuata. Tulia. Baada ya sekunde kadhaa kinanda kinarudi kikipanda taratibu, na hapo ndipo wimbo unapoisha kweli.