Mama mdogo, kodi ya nyumba na siku arobaini

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari sita, imechapwa kwa Kiingereza. Juu tarehe, chini sahihi, katikati kiasi: £1,060, malimbikizo ya kodi ya miezi miwili, tafadhali lipa au wasiliana nami ndani ya siku 14. Aliyeiandika ana fleti ya chumba kimoja Coventry, Uingereza. Aliyeandikiwa ni mama yake mdogo, mwenye miaka 68, aliyemlea tangu yuko darasa la tatu. Picha ya barua ilipotua kwenye kundi la familia la WhatsApp, sauti zilimiminika kutoka Tanga, Muscat na Reading. Shangazi mmoja alituma ya dakika nne, na katika hizo nne, tatu zilikuwa za kumkumbusha kijana nani alimfulia sare za shule.

Mimi nimo kwenye kundi hilo kwa njia ya ndoa, shemeji wa kujaza fomu. Wenyewe wameniruhusu niandike bila majina. Naandika kwa sababu naona mwenye nyumba amehukumiwa kabla hajasikilizwa, na kwa sababu ugomvi huu huu nimeshauona katika nyumba nyingine za Waswahili wa Uingereza, kwa sura tofauti kidogo.

Mama mdogo alikuwa akipokea Housing Benefit, ruzuku ambayo kaunsili, yaani serikali ya mtaa, humsaidia nayo mtu wa kipato kidogo kulipa kodi ya pango. Kwa walio chini ya umri wa pensheni nafasi yake imechukuliwa na Universal Credit, malipo yanayounganisha ruzuku kadhaa, ila wazee wamebaki na utaratibu wa zamani. Kodi ya fleti ni £560 kwa mwezi. Ruzuku ilikuwa ikitoa £530, naye akiongeza £30 kutoka kwenye pensheni. Mambo yalikwenda hivyo miaka mitano bila mtu kunyanyua sauti.

Kisha kaka yake akafariki Tanga. Akakata tiketi ya wiki saba: azike, akae mpaka hitima ya arobaini, aweke mambo ya shamba sawa, arudi. Aliporudi alikuta fomu ya kawaida ya kaunsili inayouliza kama kuna mabadiliko yoyote katika maisha yake. Akajibu kweli tupu, safari na tarehe zake. Ruzuku ikakatwa, tena kuanzia siku aliyopanda ndege.

Tangu tarehe 28 Julai 2016, anayepokea Housing Benefit akitoka nje ya Uingereza huruhusiwa wiki nne. Kabla ya hapo zilikuwa 13. Na zile nne wanapewa wale ambao tangu mwanzo walitarajia kurudi ndani ya wiki nne. Tiketi yenye tarehe ya wiki saba inakutoa kwenye ruhusa hiyo tangu siku ya kwanza, maana imeandikwa hapo wazi kwamba hukutarajia kurudi mapema. Kwa msiba sheria inaweza kuongeza wiki nne nyingine, jumla siku 56, ikiwa si haki kumtaka mfiwa arudi kabla ya hapo. Siku 56 zinaitosha arobaini na zinabaki. (Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, haitoshi kwa hesabu yoyote ile.)

Tatizo likawa neno "kaka". Marehemu alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa. Kwa Kiswahili hakuna mjadala hapo, ni kaka, na mtu anayesema "binamu yangu" kwa mtoto wa mama mkubwa huonekana anamsukuma mbali. Lakini kanuni za ruzuku zina orodha yao ya ndugu wa karibu: mzazi, mkwe, mtoto, mtoto wa kambo, mzazi wa kambo, kaka na dada wa tumbo moja au mzazi mmoja, pamoja na wenzi wao. Orodha inaishia hapo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, mama mdogo hayumo, mtoto wa mama mkubwa hayumo. Msiba alioukalia sakafuni siku arobaini haukuhesabiwa kuwa msiba wa kumwongezea hata siku moja.

Jambo hili limenikaa kichwani kuliko mengine yote katika kisa hiki, kwa sababu orodha hiyo hiyo hugeuka ikawa upande wako usipotarajia. Sheria inamkatalia ruzuku mpangaji ambaye mwenye nyumba ni ndugu yake wa karibu na wote wanaishi chini ya paa moja. Mama mzazi akipanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwanawe, hapati kitu, hata awe na mkataba wenye mihuri kumi. Mama mdogo katika chumba kile kile hazuiwi na kanuni hiyo, kwa kuwa machoni pa sheria huyo ni mtu wa pembeni. Nimewahi kuona fomu ambayo mpangaji ameandika mwenye nyumba ni "son", kwa moyo mweupe kabisa, kumbe ni mtoto wa dada yake. Kosa la tafsiri tu, lakini lilizua barua tatu na miezi miwili ya kusubiri. Mtu akikujazia fomu, mweleze nani kazaliwa na nani, usimpe jina unalomwitia.

Basi turudi kwenye fleti. Kijana anaishi nyumba nyingine, kwa hiyo hata angekuwa mwana wa kumzaa, undugu peke yake usingemzuia mama kupata ruzuku. Watu wengi hawalijui hili. Wanadhani kumpangisha ndugu ni haramu ya kisheria, ama wanadhani ni ruhusa isiyo na masharti. Sharti lipo, tena moja kubwa: upangaji uwe wa kibiashara. Kanuni za mwaka 2006 zinaitaka kaunsili iangalie hasa kama makubaliano yana vipengele vinavyoweza kudaiwa kisheria. Kodi kuwa chini kidogo ya bei ya mtaa hakuharibu peke yake, na kupendana hakuharibu. Mabaraza ya rufaa yamesema mara nyingi kwamba kila kisa kitazamwe chote kwa pamoja. Lakini afisa akianza kutazama, swali atakaloanza nalo linajulikana: mpangaji asipolipa, mwenye nyumba anafanya nini?

Hapa ndipo naliona kundi la familia linakosea, na linakosea kwa wema. Ushauri uliotolewa kwa sauti ya pamoja ulikuwa: "Msamehe, benefiti ikirudi ataendelea kulipa." Hebu uusikilize ushauri huo kwa sikio la afisa wa kaunsili. Ruzuku ikiwapo, kodi ipo. Ruzuku ikiondoka, kodi nayo inaondoka. Basi kumbe hapakuwa na kodi, palikuwa na ruzuku inayopita kwa mama ikienda kwa mwana. Mtu anayetaka kuandika barua ya kukataa ombi jipya ameshapata aya yake ya kwanza.

Kodi iliyodaiwa ikacheleweshwa ni kitu kingine kabisa na kodi ambayo haikudaiwa. Mwenye nyumba yeyote mwenye akili humvumilia mpangaji anayengoja uamuzi wa kaunsili, na mabaraza ya rufaa yanalielewa hilo. Wanachotaka kuona ni alama kwamba deni lipo: barua yenye tarehe, jibu la mpangaji, taarifa ya benki inayoonyesha £30 zinaingia kila mwezi hata pale zile £530 zilipokatika. Ile barua ya mistari sita iliyomliza shangazi ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote alizonazo mama mdogo hivi sasa. Kijana alipoiandika hakuwa na ujanja wowote, alikuwa anafuata kawaida. Lakini hata angekuwa anafikiria maslahi ya mama peke yake, angeandika barua ile ile.

Na ana maslahi yake pia, sioni aibu kulisema. Fleti ina mkopo. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa 0.1% mpaka Desemba 2021, ikafika 5.25% Agosti 2023, na aliyekuwa amefunga riba kwa miaka miwili au mitano alikutana na mlima huo siku muda wake ulipoisha. Kodi ya serikali nayo, maana Kiswahili kimetupa neno moja kwa mateso mawili, haimruhusu tena mwenye nyumba binafsi kutoa riba yote ya mkopo kwenye mapato kabla ya kutozwa. Tangu Aprili 2020 anapewa nafuu ya 20% tu. Halafu mikataba mingi ya mikopo ya nyumba za kupangisha inakataza kumpangisha ndugu bila benki kujua, kwa hiyo hata kufika hapo kijana alishafanya kazi ya kuomba ruhusa. Kundini wanamwita "tajiri wa fleti mbili". Fleti moja ni ya benki kwa sehemu kubwa, na nyingine pia.

Wanaompinga nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mama mdogo alimlea bila mkataba. Hakuna taarifa ya benki ya uji wa asubuhi. Kumwandikia mtu wa namna hiyo "tafadhali lipa ndani ya siku 14" ni kumgeuza mgeni kwa karatasi, na yeye mwenyewe aliniambia hakulala usiku ule. Si deni lililomkosesha usingizi. Aliona mtu amekwenda kuichapa barua, akaitia kwenye bahasha, akabandika stempu, wakati anaishi dakika 15 kwa basi. Hapo nakubaliana na shangazi moja kwa moja. Barua ilikuwa lazima. Stempu haikuwa lazima. Angeipeleka kwa mkono, akaketi, akamweleza hii ni ya nini, kisha akampa.

Upande wa serikali nausema kwa kifupi kwa kuwa una wasemaji wa kutosha. Walikuwapo watu waliobuni upangaji wa karatasi ili fedha za umma ziingie ndani ya familia, na kanuni zimewekwa kwa ajili yao. Ni sawa. Ila chujio la namna hii huwakamata zaidi wale ambao undugu wao haujui karatasi, na halimsumbui tapeli, ambaye mkataba ndio kitu cha kwanza anachoandaa.

Palikuwa na pendekezo jingine kundini: mama aiache fleti, ahamie kwa kijana bure. Linasikika zuri. Kijana anaishi peke yake, kwa hiyo siku mama anapohamia anapoteza punguzo la 25% kwenye kodi ya kaunsili. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyekaa kwako bure, baadaye ukaanza kumtoza pango humo humo ndani, kaunsili itamhesabu hadaiwi kodi mpaka aithibitishie kwamba mpango huo haukutengenezwa kwa ajili ya ruzuku. Na mama mwenyewe hataki. Ana jiko lake, ana funguo zake, ana jirani wa Kipunjabi wanayebadilishana pilipili. Hakuna aliyemuuliza katika zile sauti zote.

Kilichofanyika mwishoni kilikuwa cha kawaida sana. Ruzuku iliyokatwa hairudi yenyewe, na kwa wiki sita tangu arudi mama mdogo alikuwa anaingoja irudi. Akaomba upya. Kwa mtu wa umri wa pensheni ombi jipya linaweza kurudishwa nyuma mpaka miezi mitatu, kwa hiyo zile wiki sita za kungoja zikalipwa. Katika fomu, kwenye uhusiano na mwenye nyumba, tuliandika mpwa. Aliniuliza mara mbili neno hilo maana yake nini kwa Kiingereza, nikamwambia, akasema haya, andika.

Wiki saba za Tanga hazikulipwa na hazitalipwa. Kwa hesabu ya £530 kwa mwezi ni kama £856. Sehemu yake kaunsili ilikuwa imeshailipa kabla haijajua safari, na sasa inaikata kidogo kidogo kwenye ruzuku mpya. Iliyobaki ni deni la kijana. Tulikata rufaa kuhusu lile neno "kaka", ndani ya mwezi mmoja kama inavyotakiwa, na majibu bado. Wakati tunangoja, mama mdogo anamlipa £5 kila Ijumaa kupitia benki. Mwana alitaka kuzikataa. Mimi ndiye niliyemwambia azipokee, na kundini sasa hivi zamu ya kusemwa ni yangu.