Wadi ya Dandora na kura ya tatu

Tarehe 4 Machi 2013 nilimpeleka mama kupiga kura. Alikabidhiwa karatasi sita, akazipanga mkononi kama mtu anayehesabu chenji, kisha akanigeukia: "Na ya diwani iko wapi?" Nikamwambia diwani hayuko tena, sasa ni mwakilishi wadi. Akacheka. "Ni yule yule, wamembadilisha jina tu."

Kwa miaka kadhaa niliamini mama amesema kweli. Siku hizi naona alikosea, na mimi pia nilikosea.

Dandora haikuota yenyewe. Ilichorwa. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000 zilipimwa mashariki mwa Nairobi, kila moja na maji na choo, mwenye ploti ajijengee vyumba vilivyobaki. Mradi ulikwenda kwa awamu, na ndiyo maana hadi leo ukiuliza mtu anaishi wapi atakujibu Fezi Wani au Fezi Foo, yaani awamu ya kwanza au ya nne, kabla ya kutaja barabara. Watu hawajamaliza hata kupaka rangi, serikali ikavunja Baraza la Jiji mwaka 1983 na kuleta tume ya kuteuliwa. Tume hiyo ilikaa hadi 1992. Kwa hiyo katika ule ujana wa Dandora, wakati mitaro ilipokuwa ikichimbwa na vibanda vikigawiwa, Nairobi nzima haikuwa na diwani wa kuchaguliwa. Watu wanaolalamika kwamba mtaa ulijengwa ovyo hunishangaza wasipoitaja miaka hiyo.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, tukapata chaguzi kuu nne za madiwani: 1992, 1997, 2002 na 2007. Nne tu. Na kuna jambo ambalo sijasikia likizungumzwa sana: zote zilifanyika ndani ya wiki ya Krismasi, mbili za kwanza tarehe 29 Desemba na mbili za mwisho tarehe 27. Mkenya yeyote anajua Nairobi huwaje wiki hiyo. Nusu ya ploti yetu ilikuwa ushago, kijijini kwao. Mgombea urais hakupoteza kitu, kwa kuwa wengine walijiandikisha huko huko na kumpigia huko. Aliyeumia ni mgombea udiwani, maana kura yake haina kwingine kwa kwenda. Diwani wa Dandora alichaguliwa na waliokosa nauli, wenye maduka, na wenye nyumba waliobaki kulinda mali. Wapangaji, ambao ndio wengi, walirudi Januari na kumkuta ameshaapishwa.

Tena tuliambiwa tupige "suti", vipande vitatu vya chama kimoja: rais, mbunge, diwani. Mwaka 2002 upepo wa NARC, muungano wa vyama vya upinzani, ulikuwa mkali mno. Jina la diwani lilikuwa kama kifungo cha mwisho cha koti, unakifunga bila kukitazama.

Lakini kifungo hicho ndicho kilichomchagua meya. Hapa ndipo ninapotofautiana na mama. Mwananchi hakuwahi kumpigia kura meya wa Nairobi. Madiwani ndio waliompigia, ukumbini City Hall. Uchaguzi wa meya ulipokaribia, habari za madiwani kufichwa hotelini, mbali na simu za kambi pinzani, zilikuwa za kawaida. Kwa siku chache hizo kura ya diwani mmoja ilikuwa na thamani kuliko za mtaa mzima, na mtaa haukuulizwa lolote. Mwakilishi wadi wa leo hana soko hilo, kwa kuwa gavana tunamchagua wenyewe. Anayo silaha nyingine: Desemba 2020 wawakilishi wa bunge la kaunti walipiga kura kumng'oa gavana Mike Sonko, na Seneti ikakubaliana nao wiki hizo hizo. Diwani alimweka mkubwa. Huyu wa sasa anaweza kumwondoa. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama wote wawili huja na kofia na gari la vipaza sauti.

Kwa hiyo diwani simlilii. Ninayoililia ni wadi.

Katiba ya 2010 ilidai mipaka ifuate idadi ya watu, na kwa hesabu hiyo Embakasi ilikuwa kituko: sensa ya 2009 ilihesabu watu 925,775 chini ya mbunge mmoja, ilhali wastani wa eneo bunge ulikuwa 133,138. Ikakatwa vipande vitano. Nairobi ikawa na maeneo bunge 17 na wadi 85, na Dandora ikaangukia Embakasi Kaskazini ikiwa wadi nne: Eneo la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne. Fezi ni tano, wadi ni nne. Hesabu ya watu ilikuwa ya haki, siwezi kuipinga. Ila jaa la taka lililo hapo tangu miaka ya 1970, ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea malori, moshi wake huingia nyumba za wadi zote nne. Zamani tulijua nani wa kumfokea. Sasa ukienda kwa huyu, anakuambia suala hilo ni la kaunti nzima, na mwenzake anakuambia vivyo hivyo.

Baraza la jiji limekufa, ila askari wa kaunti wakitokea, wauzaji bado hupiga kelele "kanjo!", jina la mtaani la baraza, na kukusanya nyanya zao. Mama naye bado anasema diwani. Agosti 2022, tukiwa kwenye foleni, aliniuliza, "Sisi ni Eneo la ngapi vile?" Nikafungua mdomo kumjibu, kisha nikamwuliza kijana aliyekuwa mbele yetu.