Mawe ya Mwanza hayakuchongwa na mawimbi

Makala nzuri ila hapo mliposema mawe ya Mwanza, pamoja na lile la Bismarck lililosimama ndani ya Ziwa Victoria, yamechongwa na mawimbi ya ziwa sikubaliani kabisa, mbona mengine yako juu ya vilima huko Isamilo na Mabatini? Ile ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5 na kazi kubwa ilifanyika chini ya ardhi. Maji ya mvua yakichanganyika na hewa ukaa yanakuwa na asidi kidogo, yanapenya kwenye nyufa, madini ya feldispa yanageuka udongo wa mfinyanzi, kwatzi, madini magumu yasiyooza, inabaki mchanga, kona zinaliwa pande zote mpaka jiwe linakuwa duara, baadae udongo ukasombwa ndo mawe yakabaki yamepandana vile. Jua nalo lina kazi yake, shika jiwe la pale utaona maganda yanabanduka kama ya kitunguu, na mizizi ya mikuyu inapanua nyufa taratibu. Sasa watu wanachimba ule udongo uliobaki chini ya mawe wapate kiwanja, jamani, huo ndo unaolishikilia jiwe, mvua za masika zikija linaporomoka na walioko chini!