Kaburi la Bure Lilivyomtoa Mjomba Hela

"Kwani marehemu naye anaangaliwa kwa tiketi?" Mjomba aliuliza langoni mwa makaburi ya Highgate, London, upande wa mashariki. Huyu mtu kiingilio hatoi hata cha mpira.

Na kweli, William Friese-Greene, mpiga picha Mwingereza aliyezikwa humo, anaonekana bure. Shuka kituo cha Archway, katiza bustani ya Waterlow, utokee Swain's Lane. Ukifika langoni usiingie. Teremka kidogo upande wa kusini, uchungulie kwenye vyuma vya uzio. Jiwe lake, lililobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens, linamtaja kuwa ndiye mvumbuzi wa sinema. Hapo chumvi imezidi. Hataza yake ya 1889, yaani haki ya uvumbuzi, ilikuwa ya kamera ya picha zisizozidi 10 kwa sekunde, na kwa mwendo huo mtu anayetembea huonekana anarukaruka. Tena Mfaransa Louis Le Prince alisharekodi picha zinazotembea kule Leeds, Uingereza, mwaka 1888. Ila inasimuliwa kwamba Friese-Greene alipoanguka na kufa mkutanoni, Mei 1921, alikutwa na shilingi moja na peni kumi tu.

"Huyu tungeelewana," Mjomba akasema, akatoa simu.

Shida ya kurekodi kupitia uzio ni kwamba kamera hung'ang'ania kilicho karibu: vyuma vinang'aa, kaburi linabaki ukungu. Dawa yake ni kupitisha lenzi katikati ya vyuma, kisha ukandamize kidole juu ya jiwe kwenye kioo mpaka kamera itulie hapo. Mjomba akapitisha mkono mzima, simu ikiwa wima. Alipofika ng'ambo akailaza, eti sinema hairekodiwi wima. Sasa simu iliyolazwa haitoki ilikopitia. Jibwa la mpita njia likabweka nyuma yake, akavuta mkono kwa nguvu, simu ikagonga vyuma viwili kwa mpigo na kubaki kwa marehemu, lenzi ikitazama mbingu.

Tiketi tulikata mbili, maana makaburini peke yake haingii. Njia nzima analalamika kwa sauti, bei na ukoo wa aliyeipanga. Mhudumu akatuokotea simu, kumbe bado inarekodi. Akabonyeza kusimamisha, kidole kikagusa na video, ikaanza kucheza mpaka ikafika pale ilipoanguka: mawingu matupu, na sauti ya Mjomba barabarani akiwatukana mbwa, mwenye mbwa na mashangazi zao.

Mhudumu akavua kofia, akauliza kwa upole hiyo ni lugha gani.

"Ni dua," Mjomba akamjibu.