Vifo Visivyo na Cheti: Ubishi Kuhusu Chembe Laini za Hewa ya Mijini

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati, na lawama kubwa inaziangukia chembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo unywele mmoja huzizidi unene kwa mara 20 au zaidi. Wanaoitilia shaka takwimu hiyo huuliza swali ambalo si la kupuuzwa: marehemu hao wako wapi? Kwenye cheti cha kifo huandikwa kiharusi, mshtuko wa moyo au nimonia, wala si moshi.

Ni kweli kwamba idadi hiyo imekokotolewa, haikuhesabiwa makaburini. Mwaka 1993 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji 6 ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Hata baada ya kutenga athari za sigara, unene na elimu, vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote vilizidi vya mji wenye hewa safi zaidi kwa asilimia 26. Wenye viwanda walilalamika, data zikachambuliwa upya na watafiti wengine, na ripoti ya mwaka 2000 ikathibitisha kiini cha matokeo. Kwa maoni yangu, ubishi wa iwapo chembe hizi zinaua ulipaswa kukoma hapo, ukabaki ule wa kiasi gani.

Namna zinavyodhuru inaeleza pia kwa nini vyeti viko kimya. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, lakini chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa hupenya hadi kwenye damu. Mwili huzipokea kama uvamizi, damu ikawa rahisi kuganda na mishipa ikakakamaa mwaka hadi mwaka, hivyo anayeumia zaidi mara nyingi si mgonjwa wa kifua bali wa moyo. Cheti kimoja kinajulikana sana kwa kuvunja ukimya huo: mwezi Desemba 2020 mchunguzi wa vifo jijini London aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha msichana wa miaka 9 mwenye pumu, aliyefariki mwaka 2013.

Hoja ya wapinzani ninayoiona nzito iko kwenye mizani. Karatasi ya kichujio huingizwa kwenye mtambo wa kupimia ikiwa nyeupe, ikatolewa saa 24 baadaye ikiwa ya kijivu, kisha hupimwa uzito. Mizani haiulizi kama kilichonaswa ni masizi ya dizeli, vumbi la jangwani au chumvi ya bahari, na kikomo kinachopendekezwa na WHO nacho hakiulizi. Kwa hiyo WHO iliposhusha kikomo hicho cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2021, baadhi ya miji iliyo karibu na majangwa iliwekewa lengo ambalo isingelifikia hata ikiondoa magari yote.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi hawapendi kulisema kwa sauti: madhara hayapandi kwa mstari ulionyooka. Katika hewa chafu sana, kupunguza mikrogramu 10 huokoa watu wachache kuliko kupunguza kiasi hicho hicho katika hewa iliyo safi kiasi. Mji ulioanza juu hutumia fedha nyingi kwa miaka mingi kabla wodi zake hazijaonyesha nafuu kubwa, na kipindi hicho ndicho wapinzani hukitumia kudai kwamba hatua zimeshindwa.

Gharama, kwa upande wake, huonekana mara moja. Mwenye gari kuukuu la dizeli analilipia leo, ilhali atakayeepushwa na kiharusi hatajua kamwe kwamba aliepushwa. Sheria inayomnyang'anya wa kwanza riziki iandikwe pamoja na fidia yake, ianze siku moja nayo.