Mgogoro wa saiti: mahakamani, kwa msuluhishi, au pale pale kwenye msingi?

Mwaka juzi tulikuwa tunajenga jengo dogo la ofisi huku Ihumwa, Dodoma, mimi nilikuwa upande wa mkandarasi naangalia vipimo na malipo, na siku ya nne ya kuchimba msingi sururu zikaanza kulia. Sentimita 60 tu chini, jiwe. Sio mawe ya kuokota ukatupa pembeni, ni mwamba wenyewe, ule ule unaouona Dodoma umejitokeza kila kona, na kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, imeandikwa kuchimba udongo wa kawaida kwa bei ya udongo wa kawaida. Vijana wakafanya wanachokijua, kuni juu ya jiwe usiku kucha, asubuhi wanamwaga maji likipasuka wanaingia na nyundo. Kazi ya siku 5 ikaenda siku 19. Mhandisi wa mteja alikuja akasimama ukingoni mwa mtaro akaangalia akasema endeleeni tu, hiyo tutaiweka kwenye variesheni, yaani mabadiliko ya kazi yanayolipwa. Alisema kwa mdomo na sisi hatukuandika.

Dai letu likafika milioni 14 na kidogo, mteja akakataa, akasema hakuna maagizo ya maandishi. Hapo ndo nikaanza kufuatilia kwa karibu haya mambo ya nani anaamua mgogoro wa ujenzi, maana kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake, huyu anasema nendeni mahakamani, yule anasema mkataba unasema usuluhishi.

Kwanza hili neno lenyewe usuluhishi linawapoteza watu wengi. Mtu akisikia kusuluhishwa anafikiria wazee wamekaa kitako, mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Kwenye ujenzi sivyo. Kupatanishwa ni upatanishi, pale hakuna anayekulazimisha. Msuluhishi wa kwenye mkataba anasikiliza ushahidi kama hakimu kisha anatoa tuzo, ndo wanavyoita uamuzi wake, na tuzo ile inakufunga hata kama imekuuma, kwenda mahakamani kuipinga sababu zinazokubalika ni chache sana. Nimewahi kuona mkandarasi mdogo amesaini kipengele hicho huku anaamini ni kikao cha maridhiano.

Sasa mahakama. Kuna watu nawaheshimu wanasema hela za umma mgogoro wake usikilizwe hadharani, mwananchi ajue nani alikosea na kimelipwa kiasi gani, kwa msuluhishi mlango unafungwa. Hoja nzito hiyo na siibezi. Halafu jaji humlipi wewe mshahara. Ila ukiwa unaidai serikali jiandae, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kesi yenyewe inaenda Mahakama Kuu na lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 hata halmashauri zimeingia kwenye utaratibu huo. Ukishinda pia huwezi kwenda na dalali wa mahakama kukamata gari la serikali, sheria haikuruhusu, unapewa hati ya kulipwa unasubiri. Na jambo ambalo watu hawalisemi sana ni kwamba jaji ni mtu wa sheria, itabidi mumuite mtaalamu amweleze tofauti ya kuchimba mwamba na kuchimba udongo, mteja nae ataleta wa kwake, mmeshakula miezi. Na kama mkataba wako una kipengele cha usuluhishi mwenzako anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi muende huko mlikokubaliana.

Usuluhishi nao sa hivi umepata nguvu, tuna Sheria ya Usuluhishi ya 2020 iliyoanza kutumika Januari 2021 ikafuta ile ya mkoloni ya mwaka 1931. Uzuri wake ni kwamba mnaweza kuchagua mtu wa fani, mhandisi au mkadiriaji majenzi, yule wa vipimo na gharama, aliyeshika zege miaka 20, ukimwambia mwamba anajua unaongelea nini. Lakini gharama! Msuluhishi mnamlipa nyinyi, ukumbi mnalipa nyinyi, mawakili, ripoti za wataalamu, na kwa dai la milioni 14 hesabu haikubali kabisa, mzigo unakula dai lenyewe. Kwa kampuni kubwa yenye dai la mabilioni inaingia akilini, kwa mkandarasi wa daraja la sita au la saba, yale ya chini, hapana.

Watanzania wengi tuliujua usuluhishi kwa njia mbaya. Mwaka 2017 ndege yetu ya Bombardier Q400 ilizuiliwa Canada, watu wakashangaa ndege na barabara vinahusiana vipi, kumbe kampuni ya Stirling Civil Engineering ilikuwa na mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo, mkataba ukavunjwa, wakaenda kwa wasuluhishi wakashinda, deni halikulipwa na riba ikawa inapanda mpaka likafika dola milioni 38 hivi. Ndege ilikuja kutua Dar Aprili 2018. Wapo wanaosema hiyo ndo hatari ya usuluhishi, tuzo inatufuata mpaka nje. Mimi naona kosa kubwa pale lilikuwa kuliacha deni likae. Tuzo isiyolipwa inazaa kila siku, na mali ya serikali ikiwa nje ya nchi ile kinga ya kutokamatwa usiitegemee kama unavyoitegemea hapa.

Kati ya hizo njia mbili kuna ya tatu, nayo imeshaandikwa kwenye mikataba yetu mingi ya kazi ndogo na za kati, tatizo hatuitumii. Anaitwa mwamuzi, ajudiketa. Kwa kawaida kama hukubaliani na uamuzi wa msimamizi wa mradi unampelekea ndani ya siku 14, yeye anatoa uamuzi kwa maandishi ndani ya siku 28, analipwa kwa saa na gharama mnagawana nusu kwa nusu, na asiyeridhika ana siku 28 za kwenda kwa msuluhishi, zikipita kimya basi imeisha. Kwenye miradi mikubwa ya mikopo ya nje inayotumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inakuwa bodi ya mtu mmoja au watatu, uamuzi siku 84. Uingereza wenyewe hawakuishia kwenye mkataba, mwaka 1996 waliiweka kwenye sheria, siku 28, unalipa kwanza halafu kama unataka kubishana utabishana baadae huku mwenzako ameshalipa mafundi.

Nikafungua mkataba wetu kwa furaha kweli nikitafuta jina la mwamuzi. Nafasi ilikuwa nukta nukta. Haijajazwa. Wote tulisaini hivyo hivyo, na ukishaingia kwenye ugomvi ndo mkubaliane jina la mtu, kila jina mnalopendekeza mwenzenu anaona ni shemeji yenu. Unaweza kuomba mamlaka ya uteuzi iliyotajwa kwenye mkataba ikuteulie, kama NCC, Baraza la Taifa la Ujenzi, ila na yenyewe kwetu haikutajwa.

Nina rafiki mhandisi wa halmashauri, sio huyo wa Ihumwa, nilimweleza haya akanijibu vizuri na sijalisahau jibu lake. Alisema nyie mnaweka bei ya chini ili mpate tenda alafu mnakuja kutafutia faida kwenye klemu, yaani madai ya nyongeza, na mimi nikilipa milioni 14 kwa karatasi ya mtu mmoja aliyekaa na faili wiki nne, mkaguzi akija hoja inaandikwa kwa jina langu, bora jaji aniamuru nina pa kujifichia. Ana haki. Afisa anayelipa haraka anaogopa kuliko afisa asiyelipa kabisa. Ila nikamkumbusha kwamba ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinaandika pia hoja za riba zinazolipwa kwa makandarasi waliocheleweshewa, kwa hiyo kutolipa nako kuna bei, tofauti ni kwamba inakuja afisa akiwa ameshahamishiwa wilaya nyingine. Uamuzi wa siku 28 unaweza kuwa na makosa, kweli, lakini unaweza kusahihishwa kwa msuluhishi, jengo lililosimama masika mbili bila paa huwezi kulirudisha.

Kingine ni woga, na huu hauandikwi kwenye sheria yoyote. Bosi wangu hakutaka kumshitaki mteja kwa sababu tenda nyingine mbili zilikuwa zinakuja kwa mteja yule yule. Mkandarasi mdogo wa Dodoma anaishi kwa wateja wachache sana, akimburuza mmoja mahakamani anajua vikao vyote vitamsikia. Ndo maana napenda mwamuzi atajwe tangu siku ya kusaini, kwenda kwake inakuwa ni utaratibu wa kazi kama kupima zege, haisomeki kama umetangaza vita.

Kwenye fosi akaunti, pale shule au kijiji kinaposimamia ujenzi chenyewe kwa mafundi wa kawaida, hata hayo hayapo, fundi ana mkataba wa kurasa mbili tatu na shule au kijiji, akidhulumiwa anaenda kwa mtendaji wa kata anarudi.

Letu liliisha hivi: baada ya miezi 14 uongozi wa mteja ulibadilika, tukakaa mezani tukalipwa milioni 8 ya mwamba, za ucheleweshaji hakuna. Bosi alishauza pikapu kulipa mafundi na deni la saruji Majengo. Mwaka huu tumepata uzio kule Nala, nikakataa mkataba usisainiwe mpaka zile nukta zijazwe, ofisi ya mteja ikalalamika wiki nzima kwamba haijawahi kuona mtu anadai kitu hicho, mwisho wakaandika jina la mkadiriaji majenzi mmoja mstaafu ambae pande zote tunamkubali. Na fomeni wetu ana kitabu cha maagizo chenye kaboni, mhandisi akisimama ukingoni mwa mtaro akisema endeleeni tu, anapewa kitabu na peni.