Pikapu ni Yangu, Ufunguo ni wa Nani?

Saa kumi na moja alfajiri tela lilikuwa tayari nyuma, mizigo imefungwa kamba, na mimi nimesimama mbele ya mlango usio na kitasa. Vitasa vya pikapu yangu ya umeme huzama ndani ya bodi, vikatoka vyenyewe mwenye simu anapokaribia. Asubuhi ile havikutoka. Nikapapasa kwa vidole pale vinapokaa: bati tupu, lina umande. Nikafungua programu ya gari kwenye simu, ikaniambia gari halipatikani. Chini yake, kwa maandishi ya kijivu, ilibaki taarifa ya usiku uliotangulia: chaji asilimia 81. Gari lilikuwa na umeme wa kunivusha mamia ya kilomita, likashindwa kufungua mlango.

Nikapiga namba ya msaada. Fundi aliyepokea alikuwa mtulivu, nadhani swali langu alikwisha kulisikia mara nyingi. "Bosi, usivunje kioo," akaniambia. "Inama kwenye bampa ya mbele, kuna kifuniko cha duara. Kibandue." Nikakibandua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, fupi kama kidole, ambazo hakuna aliyewahi kunionyesha siku ninakabidhiwa gari. Jirani akaleta betri ya pikipiki yake, tukagusisha nyaya, boneti ikafyatuka. Hapo ndipo tulipoifikia betri ndogo ya volti 12 na kuibusti. Kukasikika mlio mzito chini ya sakafu, ko, ko, kisha vioo vya dashibodi vikawaka. Saa mbili na nusu zilikuwa zimekwenda.

Wengi hawajui, nami sikujua, kwamba pikapu ya umeme ina betri mbili zenye kazi tofauti kabisa. Ile kubwa ya chini ndiyo inayosukuma mota. Lakini gari likilala, betri hiyo hukatwa kwa swichi nzito, kwa ajili ya usalama, isiachie volti mia kadhaa kwenye nyaya wakati hakuna anayeendesha. Mlio niliousikia ulikuwa wa swichi hizo zikiiunganisha tena. Na anayeziamuru ziunganishe ni kompyuta zinazokula umeme wa ile betri ndogo, kama zinavyokula kufuli za milango. Ndogo ikifa, kubwa haina wa kuiamsha. Fundi alipokagua kumbukumbu za gari alikuta betri ndogo haina kasoro yoyote. Programu ya kompyuta hizo ilikuwa imesahau kuiamuru kubwa iijaze. Dawa yake ikaja wiki mbili baadaye kama sasisho la programu, kupitia intaneti, nikiwa nimelala.

Nimekaa na pikapu hii miezi saba na siijutii. Inavuta mzigo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haina kelele, na breki zake zinarudisha umeme kwenye betri kila ninaposhuka mlima. Ninayoandika hapa si maneno ya mtu aliyechukia umeme. Ninaandika kwa sababu nimegundua kwamba nilipokuwa nikinunua niliuliza maswali mengi, na lile kubwa kuliko yote sikuliuliza: gari hili linamtii nani?

Watu wananiuliza kuhusu moto. Ni swali la haki. Februari 2023 Ford ilisimamisha utengenezaji wa pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, baada ya moja kushika moto kwenye uwanja wa kuegesha magari huko Dearborn, Marekani, kabla hata haijafika kwa mteja, na kasoro ikapatikana kwenye seli za betri. Moto wa betri ni mkaidi, unaweza kuzimwa ukawaka tena. Lakini betri kubwa ndiyo sehemu ya gari inayochungwa kuliko zote, na mimi sikosi usingizi kwa ajili yake.

Ukitazama yaliyozisumbua pikapu hizi tangu ziingie barabarani, utashangaa ni mangapi hayana uhusiano na umeme. Oktoba 2022 Rivian, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, iliita magari yake zaidi ya 12,000 yarudi kukaguliwa kwa sababu ya boliti moja karibu na gurudumu la mbele ambayo huenda haikukazwa sawasawa. Aprili 2024 ikawa zamu ya Cybertruck, pikapu ya Tesla: magari 3,878, kifuniko cha pedali ya mwendo kingeweza kuchomoka na kunasa, gari likabaki linakimbia. Chanzo? Kiwandani walikuwa wametumia sabuni ili kifuniko kiteleze na kuingia kwa urahisi, na utelezi ukabaki. Machi 2025 Cybertruck 46,096 ziliitwa tena, safari hii kwa ajili ya bati la pembeni lililobandikwa kwa gundi ambayo ingeweza kuachia gari likiwa barabarani. Boliti, sabuni, gundi. Haya ni makosa ya kiwanda kichanga na ya modeli mpya, yale yale yaliyokuwepo enzi za kabureta. Consumer Reports ya Marekani, inayokusanya taarifa kwa wamiliki wenyewe, ilisema mwaka 2023 kwamba magari ya umeme yana matatizo asilimia 79 zaidi ya yale ya petroli. Mwaka uliofuata pengo likashuka hadi asilimia 42. Kwangu mimi hilo linasema jambo moja wazi: usinunue gari la mwaka wa kwanza wa modeli yoyote. Mimi nilinunua la mwaka wa kwanza.

Makosa ya chuma, hata hivyo, ninayaelewa. Unaona boliti, unaikaza. Yanayonisumbua ni yale yanayoingia usiku.

Novemba 2023 Rivian ilituma sasisho lenye cheti cha usalama kisicho sahihi. Magari yaliyolipokea yakaendelea kutembea, lakini vioo vya dashibodi vikawa vyeusi, na kampuni yenyewe ikakiri kwamba ni kosa la kibinadamu la mtu aliyetuma kitu kisicho chenyewe. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mtu mmoja mbele ya kompyuta, kosa moja, na dashibodi za watu ambao hajawahi kukutana nao zinazimika. Katika gari langu kioo hicho ndicho chenye kiyoyozi, kamera ya nyuma, marekebisho ya tela na karibu kila kitu nilichozoea kukigusa kama swichi. Siku hizi sipokei sasisho lolote kabla ya safari. Ninasubiri siku kumi, ninasoma wenye magari kama langu wamekutana na nini, ndipo ninaliruhusu, mchana, gari likiwa limeegeshwa mahali ambapo likigoma haliniharibii kazi. Ninakubali kwamba sasisho hizo hizo ndizo zilizoiponya betri yangu ndogo. Ndiyo maana sitaki zikomeshwe. Ninataka niwe mimi ninayesema lini.

Na sasa usalama, kwa sababu kuaminika kwa gari na usalama wake nimeacha kuviona kama mambo mawili.

Wiki ya tatu baada ya kukabidhiwa gari nilikuwa nimekaa ndani nikisubiri mvua ikatike, nikipekua menyu moja baada ya nyingine. Nikafika kwenye orodha ya funguo. Simu yangu ilikuwepo, simu ya mke wangu, kadi mbili za kufungulia gari. Na ufunguo wa tano: simu nyingine, yenye jina la aina ya simu tu. Niliipigia duka lililoniuzia. Baada ya kuzungushwa kwa muda nikaambiwa ni ya muuzaji, aliitumia kuwaonyesha wateja gari kabla sijalinunua, akasahau kujiondoa. Sina sababu ya kumshuku. Lakini kwa siku ishirini na kitu mtu nisiyemjua alikuwa na uwezo wa kufungua gari langu, lenye vifaa vyangu vya kazi nyuma, na kuliwasha akaondoka nalo. Kama ungekuwa ufunguo wa chuma ningehesabu: nimepewa viwili, wapi cha tatu? Ufunguo wa simu hauhesabiki mkononi. Tafadhali, ukitoka kununua gari la namna hii, jipya au lililotumika, fungua orodha hiyo kabla hujatoka getini, ufute kila usichokitambua.

Wezi wenyewe hawahitaji kuwa kwenye orodha. Mwaka 2022 watafiti wa NCC Group, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha jinsi ya kufungua na kuondoka na Tesla Model 3 kwa kurefusha mawimbi ya Bluetooth: kifaa kimoja karibu na simu ya mwenye gari, kingine karibu na gari, na gari likaamini kwamba mwenyewe yupo hapo. Simu iko mezani chumbani, gari linaondoka uani. Kinga yake ni rahisi, namba ya siri ya kuingiza kabla ya kuendesha, na pikapu yangu inayo. Ilikuja imezimwa. Sielewi kwa nini kinga kama hiyo izimwe kiwandani mwenye gari asiambiwe.

Lakini mwizi wa uani ni mmoja, anaiba gari moja. Ninachokiogopa zaidi ni mlango wa kule juu, kwenye seva, zile kompyuta za mtengenezaji zinazowasiliana na magari, maana huo ni mmoja kwa magari yote. Mwaka 2015 watafiti wawili walilizima Jeep Cherokee likiwa kwenye barabara kuu wakiwa wamekaa nyumbani na kompyuta zao, dereva akiwa mwandishi wa habari aliyekubali kujaribiwa, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Gari hilo lilikuwa la petroli. Kinachofungua mlango huu ni mtandao, na pikapu za umeme zimezaliwa ndani ya mtandao. Mwaka 2024 kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba mamilioni ya magari ya Kia yangeweza kufunguliwa na kuwashwa kutoka mbali na mtu mwenye namba ya usajili tu, ile iliyobandikwa nyuma kila mtu aisome. Kia waliziba tundu hilo kabla halijatangazwa. Wema wa watafiti ndio uliowaokoa wenye magari.

Kisha kuna habari za mahali gari linapolala. Desemba 2024 ilibainika kwamba kampuni ya programu ya Volkswagen ilikuwa imeacha wazi taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000, na kwa sehemu kubwa yake ilijulikana kwa usahihi yalikoegeshwa. Ukiunganisha siku thelathini za taarifa hizo unamjua mtu: analala wapi, anaondoka saa ngapi, anamtembelea nani, ni usiku upi nyumba haina mtu. Kwa pikapu unajua na zaidi, unajua siku gani imetoka na tela. Niliponunua nilibofya "Nakubali" nikiwa nimesimama, kalamu mkononi, muuzaji akinisubiri. Nilikuja kuyasoma masharti baadaye na kukuta sehemu kadhaa za ukusanyaji zinazoweza kuzimwa, zikiwa zimezikwa ndani ya menyu ya nne. Nimezizima zote. Ramani ya msongamano ilipotea pamoja nazo, na nimeishi bila hiyo.

Serikali zimeanza kuamka. Kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa inamtaka mtengenezaji athibitishe kwamba anasimamia ulinzi wa mitandao wa magari yake, na tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unaitumia kwa magari yote mapya. Ni jambo jema. Ila kanuni inambana mtengenezaji aliye hai. Lordstown, waliotengeneza pikapu ya Endurance, waliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2023. Fisker, nao watengenezaji wa magari ya umeme, wakafuata Juni 2024, na wenye magari yao ya Ocean wakalazimika kuunda chama chao wenyewe ili programu na vipuri visikatike. Pikapu ya dizeli ya kampuni iliyokufa fundi yeyote hodari ataendelea kuitengeneza. Yangu ikifiwa na mtengenezaji wake, nani atajibu simu yangu itakapouliza gari liko wapi?

Nimemwandikia mtengenezaji wangu. Nimeomba tundu la ufunguo wa chuma kwenye mlango mmoja tu, hata kama litafichwa. Nimeomba ahadi ya maandishi kwamba gari litawaka na kutembea bila mtandao kwa muda wote litakaokuwa barabarani, na mafundi wa nje wapewe vifaa vya kusoma hitilafu. Nimeomba pia mnunuzi aonyeshwe zile nyaya mbili kabla hajapewa kadi, kwa sababu zingemsaidia mtu aliyekwama gizani kuliko rangi zote za taa za ndani tulizotumia nusu saa kuonyeshwa. Walijibu kuhusu nyaya, wakasema wataziongeza kwenye maelekezo ya makabidhiano. Kuhusu mengine walinishukuru kwa maoni yangu. Nitawaandikia tena.

Kwa sasa kadi iko kwenye pochi, namba ya siri inafanya kazi, na nimenunua kifaa kidogo cha kubusti betri. Mwanzoni nilikiweka chini ya kiti. Mke wangu ndiye aliyeniuliza nitakifikiaje milango ikigoma, nikakihamishia kwenye sanduku la tela, lenye kufuli ya kawaida.